Mtumbwi Uliotokea Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama hamjala. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale paliondokea mzee, Mbwiga, na mkewe Mwasiti, mkunga wa kijiji. Binti yao Sijali aliolewa ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ulikuwa na mikono miwili, katikati tope tupu. Mitumbwi ya wakati ule ilichongwa kwa gogo zima, na kuivuta topeni kulitaka wanaume wa kijiji kizima.

Sijali aliposhika mimba, mzee akashika tezo. Kwaruu, kwaruu. Akachonga mbao nyembamba, akazishona kwa kamba, akaziba kwa utomvu. Yote ndani ya nyumba, maana jua lingezipasua. Majirani wakacheka, "Mzee anashona mtumbwi kama kanzu."

Mvua ikanyesha, mto ukafura. Asubuhi moja ngoma ya uzazi mgumu ikalia ng'ambo. Ndu! Ndu! Mwasiti akanyakua mkoba wake wa dawa.

"Baba Sijali, twende."

Mzee akainua mtumbwi. Mlangoni ukakwama. Akaugeuza. Ukakwama.

"Hukuupima mlango?" Mwasiti akauliza.

"Sikuupima, mama Sijali."

Mzee mwenye kuamua kesi za watu, kasahau mlango wake mwenyewe.

Mzee akachukua mchi. Puu! Ukutani. Puu!

Mwasiti akapiga ukemi. Kwa watu wale ukuta ulibomolewa kwa jambo moja tu, kumtoa maiti.

"Unamzika mwanangu angali hai?"

"Namfuata," mzee akasema. Puu!

Majirani wakashika vichwa. Mzee akatokea pale ukutani, mtumbwi kichwani, peke yake. Wakavuka mkono wa kwanza. Topeni akaubeba tena, Mwasiti nyuma, tope magotini. Wakavuka wa pili.

Mtoto alitanguliza miguu. Mwasiti akamtoa, mtoto akalia. Hapo mkunga akakaa chini.

Arobaini ilipotimia, Sijali akamleta mwanawe. Mzee akamwingiza kupitia tundu lile, watu wakashtuka kuliko mwanzo. Hakulikandika tena, alilitia ubao wa kufungua na kufunga.

Miaka ikapita, mzee akafariki. Wachukuzi wakaelekea kwenye tundu. Mwasiti akasimama mbele yao.

"Hapa wanapita waliozaliwa. Mtoeni mlangoni."

Ndiyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kujenga ukuta si aibu. Aibu ni kuuonea ukuta huruma na mtu anakufa. Hadithi yangu imeishia hapo, penye ukuta wa Mzee Mbwiga.