Kazija na Kivuli cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Sufuria?

Ya kwetu!

Harufu?

Ya jirani!

Haya, kaeni vizuri. Wewe, toa mguu kwenye ungo wangu. Nasikia jana mlikwenda kwa Bi Mwatima kusikiliza hadithi zake, tena mkacheka mpaka nikawasikia huku. Sijali. Kwani mimi nina wivu? Sina. Sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa akiitwa Kazija, mdogo akiitwa Mize. Kazija alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, jina lake Zamda. Mize hakujaliwa mtoto.

Baba yao alipofariki, kiwanja kikagawanywa. Kazija ndiye mkubwa, akachagua kwanza. Akachukua upande wa mbele, peupe, jua tupu. Mize akabakiwa na upande wa nyuma, chini ya mfenesi mkubwa, mahali ambapo jua huchungulia asubuhi kisha likajiendea zake.

Watu wakamcheka. "Masikini Mize, utalima nini kwenye kiza hicho? Utalima vyura?"

Mize akashika jembe. Akapanda nanaa. Akapanda kotmiri. Akapanda tangawizi penye unyevunyevu, karibu na mtungi wa maji. Kila siku akatazama kivuli kinaanzia wapi na kinaishia wapi, akachomeka kijiti. Kivuli kikihama, naye anahamisha kijiti.

Basi, weee! Vikaota. Nanaa ikatambaa mpaka ukutani. Kotmiri ikatoa majani mapana, laini, ukichuma leo baada ya siku mbili yamerudi. Kijiji kizima kikawa kinampita Kazija kwenda kwa Mize. "Hodi Mize, naomba kotmiri ya mchuzi!" "Hodi Mize, naomba nanaa ya chai!"

Na kwa Kazija je? Kotmiri ikitoka, kufumba na kufumbua imeweka maua, majani hakuna. Nanaa ikichomoza asubuhi, adhuhuri imeungua. Kazija akamwagilia, akamwagilia, akamwagilia. Kazi bure.

Roho ikamuuma. Mtu akipita mbele ya mlango wake ameshika kotmiri, Kazija anaona kama ameibiwa yeye.

Lakini hilo silo lililomkata maini. Lililomkata maini ni Zamda. Siku moja Kazija alipika mchuzi wa samaki, akampakulia mtoto. Mtoto akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini, nawe hujala?"

"Nimekula kwa mama mdogo. Mchuzi wake unanukia."

Siku ya pili, "Nimekula kwa mama mdogo." Siku ya tatu, "Nimekula kwa mama mdogo." Kazija akaumwaga ule mchuzi, akampa paka. Alikuwa analia huku anamwaga.

Basi akaenda kwa mdogo wake, mikono kiunoni.

"Mize, unatia nini humu shambani?"

"Sitii kitu, dada. Ni kivuli tu. Majani haya hayataki jua kali. Njoo ulime huku, nafasi ipo."

"Nije nikuombe ardhi wewe? Wewe niliyekubeba mgongoni?"

"Basi panda hata mgomba pale kwako, ukukingie jua."

"Nikae ningoje mgomba ukue, na wewe unaendelea kumlisha mwanangu? Thubutu!"

Akaondoka amefura, moja kwa moja mpaka porini. Akapiga kelele: "Nataka kivuli! Nataka kivuli! Nataka kivuli kushinda cha Mize!"

Sasa nyie, porini huko watu hawaropoki hivyo. Mti mmoja ukageuza kichwa. Kumbe si mti! Lilikuwa zimwi, refu kuliko mnazi, masikio kama nyungo mbili.

"Nani anataka kivuli?" likauliza.

Kazija aliogopa, lakini wivu ulimshika kuliko woga. "Mimi."

"Kesho jua likiwa la utosi nitakuja nisimame shambani kwako. Sitainua mguu mpaka jua lizame. Majani yatakayoota chini yangu ni yako. Lakini kitu chako kingine chochote kitakachoguswa na kivuli changu, ni changu."

Kazija akatazama chini. Ilikuwa adhuhuri. Kivuli cha zimwi kilikuwa miguuni pake tu, upana wa mikeka mitatu.

"Kivuli chenyewe ndicho hicho?"

"Si unakiona?"

"Nimekubali!" akasema Kazija. Hakuuliza zaidi. Mtu aliyelima juani maisha yake yote, kivuli atakijulia wapi?

Kesho yake, jua la utosi, zimwi likaja. Likasimama katikati ya shamba la Kazija, likatulia tuli. Na palepale, jamani, kotmiri zikachomoza! Nanaa zikachomoza! Majani ya kijani, manene, yananukia mpaka barabarani.

Kazija hakukaa. Akatoka njiani kuwaita watu. "Njooni muone! Njooni muone! Kwa Mize mlikuwa mnafuata nini?" Watu waliliona zimwi wakatimua mbio, yeye akadhani wamekimbilia kuitana.

Nyuma yake jua likaanza kushuka. Na kivuli kikaanza kutembea.

Kikafika kwenye jembe. Kazija akarudi kulichukua, jembe halikuinuka. Akasema, "Aa, jembe tu." Kikafika kwa mbuzi. Mbuzi akakwama, hata mkia hautikisiki. Kazija akasema, "Aa, mbuzi tu." Akainama kuchuma kotmiri, akajaza kanga, huku anawaza uso wa Mize utakavyokuwa akiziona.

Kikafika barazani.

"Mama! Miguu yangu!"

Zamda alikuwa amekaa barazani, anachambua mchele. Kivuli kilikuwa kimemshika vidole vya miguu. Kazija akaziangusha kotmiri, akamkimbilia, akamvuta. Mtoto hakuvutika. Akamvuta tena. Akamvuta mara ya tatu, mtoto akapiga ukunga kwa maumivu.

"Mwache," likasema zimwi. "Kikimfika utosini, nitaondoka naye."

"Hatukupatana hivyo! Kivuli chako kilikuwa hapo miguuni!"

"Ilikuwa adhuhuri," likasema zimwi. "Hukuniuliza cha jioni."

Kivuli kikapanda magotini. Kikapanda kiunoni. Kazija akapiga mayowe, na aliyekuja mbio ni nani? Ni Mize, mikono ina udongo.

Mize akatazama jua, akatazama kivuli, akaelewa mara moja. Si ndiyo kazi yake ya kila siku? Akavua kanga yake ya juu, akasimama upande wa jua, akaitandaza juu ya mtoto kwa mikono miwili. Kivuli cha kanga kikamwangukia Zamda kifuani na kichwani. Kile cha zimwi kikafika kifuani, kikasimama. Kitafunika nini, na pameshafunikwa?

Zimwi likacheka. "Mjanja wewe. Lakini nami najua sheria. Kinachofunikwa na kivuli ni cha mwenye kivuli. Ukimfunika wewe, basi mtoto ni wako. Mama yake akubali. Aseme mara tatu: Zamda ni wa Mize. Asiposema, hiyo ni nguo tu, nami napita."

"Sema, dada," Mize akasema. "Sema upesi, mikono inachoka."

"Zamda ni wa Mize," Kazija akasema.

Kivuli kikarudi nyuma kidogo.

"Zamda ni wa Mize," akasema tena. Sauti ilikuwa ndogo.

Ya tatu haikutoka.

Msinitazame hivyo. Nawaambia ya tatu haikutoka! Alifungua mdomo, kijiba cha roho kikamkaba. Alimwona Mize kasimama juu ya mwanawe, kanga imemzunguka mtoto, kama ndiye aliyemzaa. Miaka yote alikuwa analiogopa jambo hilo, na leo anaambiwa alitamke mwenyewe. Kivuli kikapanda. Kikafika shingoni. Kikafika kidevuni.

Na Zamda, kwa woga wake, akaita. Hakumwita mama yake. Aliita, "Mama mdogo!"

Kazija alihisi kama kachomwa kisu. Akafumba macho, akapasua sauti kijiji kizima kikasikia:

"Zamda ni wa Mize!"

Kivuli kikamwachia mtoto. Zamda akaangukia mikononi mwa mama yake mdogo, akiwa mzima. Jua likazama. Zimwi likazoa vyake: mbuzi, jembe, mikeka, ungo wa mchele, hata mlango wa nyumba. Likaenda zake.

Zile kotmiri zilibaki shambani, nzuri ajabu. Kazija hakuzitazama. Alikaa chini kwenye vumbi, hajui afanye nini na mikono yake.

Mize akamfuta mtoto machozi. "Haya, Zamda, kalale kwenu."

Mtoto akawatazama wote wawili. "Kwetu ni wapi?"

Mwisho Kazija akainuka, akajipangusa vumbi. Akamshika mtoto mkono, akazunguka nyumba, akaenda upande wa nyuma, upande ule aliokataa kuulima. Akaketi jikoni kwa Mize. Akasema, "Mdogo wangu, mpakulie mwanao. Na mimi nipakulie."

Wakala sahani moja, watatu. Mnauliza kama wivu ulimtoka? Nani kawaambia! Mize alipomkatia mtoto mnofu wa samaki, Kazija roho ilimuuma palepale, akaimeza pamoja na tonge. Na kesho yake akaimeza tena. Mtoto alikuwa anakula, naye alikuwa anamwona.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imekolea, kalaleni nayo. Kama imepungua chumvi, ongezeni wenyewe. Na mafunzo yake ni haya: mwenye wivu hukodolea macho kilicho cha mwenzake, na wakati huo chake mwenyewe kinachukuliwa mlangoni.