Sababu ya Vita ya Mfalme Lugome

Mfalme Lugome aliitamani chumvi ya jirani zake wa ng'ambo ya mto, na wafalme wa pande zote walikwisha kumwahidi majeshi. Kilichokosekana ni sababu tu. Akamwita Sihaba, mpiga mbiu wake, ambaye wanawe walikuwa wameshakabidhiwa ngao.

"Nitafutie sababu ya kuwapandisha watu hasira. Ukiitaja chumvi, kichwa chako halali yangu."

"Niseme wametuibia ng'ombe, Mtukufu?"

"Hiyo ndogo."

"Niseme wamekutukania mama yako mzazi?"

Mfalme akacheka kwa raha. "Hiyo ndiyo yenyewe! Nenda."

Sihaba akatangaza mji mzima. Kufikia asubuhi, uwanja ulifurika watu wenye hasira. Wakamkabidhi mfalme ngao, wakamshikisha mkuki.

"Wa nini huu?"

"Mila yetu, Mtukufu," akasema Sihaba. "Aliyetukaniwa mama huvuka kwanza, peke yake. Akisharusha mkuki wake, ndipo wengine tunafuata. Ingekuwa ng'ombe, tungetangulia sisi."

Mfalme akautazama mto. Ng'ambo, watu walikuwa wamejipanga na pinde zao.

"Sihaba," akasema hatimaye, "hivi wale si watani zetu wa jadi?"