Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, zamani ya watu kusafiri kwa miguu na kufika wamechoka lakini wana habari, palikuwa na nchi mbili. Moja iliitwa Chumvini, nchi ya joto na mabwawa ya chumvi. Ya pili Ukunguni, juu milimani, nchi ya baridi na viazi. Kati ya hizo mbili mwendo wa siku nne, na kwa wavivu kama wewe hapo mbele, siku sita.

Sikudhani alizaliwa Chumvini, akaolewa Ukunguni na Shekiondo, mkulima wa viazi. Mwanzoni alilalamika weee! Baridi hii! Chakula hakina chumvi! Na watu wa huku, mbona hawana adabu? Maana Ukunguni bibi harusi ni mtani wa kijiji kizima. Akitoka kuchota maji anaulizwa, "Bado hujafa wewe?" Asipojibu, "Nakungoja utangulie," wanadhani anaumwa.

Akapata mimba. Mila ya Chumvini ni kwamba mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwa mama yake, na mume habishi hodi hapo mpaka mtoto azaliwe. Shekiondo akamsindikiza mpaka mpakani, akageuka. Sikudhani akateremka akiimba, anakwenda kwao.

Kwao? Ngoja kwanza.

Siku ya tatu baada ya kufika, mama yake, Bi Mize, alimwandalia wali na samaki. Sikudhani akaonja, akarudisha tonge kwenye sahani.

"Kwetu hatutii chumvi namna hii," akasema.

"Kwenu wapi?" akauliza Bi Mize.

Hata Sikudhani hakujua neno lile limemtoka vipi.

Tangu siku hiyo chakula kikamshinda. Alitamani ukungu wa asubuhi. Alitamani kupasha miguu joto jikoni pamoja na mawifi zake, miguu minane kwenye moto mmoja. Na wanawake wa Chumvini walimfanyia heshima mno: pole mwanangu, pumzika mwanangu. Kila pole ilimwongezea ugeni. "Anamlilia mumewe," wakanong'onezana, naye akawaacha waamini hivyo, maana utamwambiaje mtu kwamba unalilia kutukanwa?

Mkunga akampapasa tumbo, akatikisa kichwa. "Mtoto hakui. Huyu asipokula, tutawakosa wote wawili."

Bi Mize akaogopa kwelikweli. Akasimama uani mbele ya majirani, akaweka nadhiri: "Atakayemfanya mwanangu ale mpaka ajifungue salama, huyo ndiye atakayempa mtoto jina!" Na Chumvini jina si jambo dogo. Mtoa jina ni mzazi wa tatu, na mtoto humtunza uzeeni.

Akatokea Mjomba Vuai, kaka yake Bi Mize, mtu wa goti bovu. Akalifunga goti kitambaa, akapanda mlima. Alirudi baada ya siku kumi, goti limevimba, mgongoni ana kikapu cha viazi na mboga ya mnavu.

"Kula, mwanangu. Hakina chumvi hata punje. Nimeonja mwenyewe, kibaya kweli."

Sikudhani alikula huku machozi yanamtoka. Akala siku tano, na mkunga akasema hizo siku tano ndizo zilizomwokoa mtoto. Siku ya sita kikapu kikaisha. Mjomba hakuweza hata kusimama, seuze kupanda tena. Sikudhani akaacha tena kula, akakaa penye ua wa makuti, anaguna.

Sasa, upande wa pili wa ua huo alikaa Bi Mashavu, mwanamke mgomvi, hana mtoto, hana mgeni. Akavumilia mguno siku ya kwanza, siku ya pili akatoa kichwa.

"Wewe mwanamke! Utaguna hapo kama mlango mbovu mpaka lini? Na tumbo umelitanguliza kama unalinadi sokoni!"

Majirani wakashika vichwa. Sikudhani akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu aje, akacheka.

"Nangoja wewe utoe hiyo sura yako, bibi, inanikatisha hamu ya chakula!"

Bi Mashavu akawaka. Msidhani alikuwa anatania, alikasirika hasa. Kesho yake akaja na matusi mapya, ameyapanga vizuri. Sikudhani akamsubiri na bakuli mkononi: tusi moja, tonge moja. Mwezi mzima wakaenda hivyo, mpaka jirani mmoja mmbea akamwambia Bi Mashavu, "Unajua matusi yako yanamshibisha?"

"Kumbe namlisha?" Bi Mashavu akang'aka. "Basi sisemi tena!" Akafunga mlango, na bakuli la Sikudhani likabaki limejaa.

Ndipo ujumbe wa Shekiondo ulipofika, umeletwa na mnunuzi wa chumvi: "Mke wangu, nasikia unanililia. Nyamaza. Nyumba na shamba nampa kaka yangu. Ukishajifungua nahamia Chumvini, tutaishi huko maisha yetu yote."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mume gani huyu! Sikudhani akaruka kutoka kitandani.

"Ahamie huku? Na mimi nirudi wapi? Leteni chakula!"

"Chakula gani, mwanangu?"

"Chochote! Cha chumvi, kisicho cha chumvi! Nataka nguvu za kupanda mlima kabla hajaitoa ile nyumba!"

Akala mpaka siku ya kujifungua. Akazaa binti, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Siku ya saba, siku ya jina, Shekiondo, aliyekuja kungojea habari mpakani, alikuwa amefika, na uani hapakaliki.

"Bila kikapu changu," Mjomba Vuai akasema, mguu juu ya kigoda, "hawa wenzangu wangemlisha maiti. Goti langu halitapona. Nataka mtoto aitwe kwa jina la mama yetu."

"Wewe siku tano, mimi mwezi," akajibu Bi Mashavu. "Ni kweli nilimtukana kwa hasira. Lakini nadhiri haikuuliza moyoni mna nini." Akamtazama mtoto. "Tena mimi sina mtu. Nikifa, jina la Mashavu limekufa."

"Mimi nilikuwa tayari kuiacha nchi niliyozaliwa," akasema Shekiondo. "Kaka yangu bado anangoja neno la mwisho. Na aliyekula mpaka siku ya mwisho alikula kwa ujumbe wangu."

"Alikula kwa kuukimbia ujumbe wako!" Bi Mashavu akamkata.

Watu wakacheka. Shekiondo hakucheka. Akamgeukia mkewe. "Kumbe ulikuwa unalilia nchi, si mimi?"

"Wewe ulikuwa humu tumboni, unanipiga mateke kutwa kucha," Sikudhani akamjibu. "Nchi ndiyo sikuwa nayo."

Shekiondo akainamisha kichwa, akajifuta macho, akasingizia moshi.

Bi Mize akamchukua mjukuu wake. Alikuwa ameapa jina moja na mtoa jina mmoja, na jua likizama mtoto hana jina, nadhiri imevunjika. Na wewe unayetaka kusema mama mtu ampe jina mwenyewe, kaa kimya, huyo hakuwa mashindanoni.

Haya. Bi Mize amesimama na mtoto. Jua linashuka. Watu watatu wamenyoosha mikono, na mwenye goti bovu naye amesimama. Ampe nani?