Nyumba Thelathini za Bwana Kiboko

"Ondoa mkia wako kwenye sufuria yangu!"

"Mkia wangu niuweke wapi, Komba? Kichwani?"

"Weka unakojua! Chumba hiki changu. Nilikukaribisha siku tatu, leo mwaka wa tatu!"

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kila asubuhi, hapo zamani za kale sana, katika kisiwa kimoja ambako wanyama walipika, walifua na kuanika kama sisi, ila nyumba hazikuwatosha. Aliyefokewa ni Bi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Aliyefoka ni shoga yake, Komba. Chumba kimoja, mama wawili, watoto tisa. Ukitaka kujigeuza usingizini, unaomba ruhusa kwanza.

"Sikiliza, shoga," Komba akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Binti yangu anakuja kujifungulia hapa. Mvua ya kwanza ya masika ikianguka, wewe na wanao mtoke. Sina ubaya nawe. Sina nafasi."

Sange akawatazama wanawe wanne, wamepangwa chini ya kitanda kama viatu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu masika yaingie. Akajitanda kanga, huyoo, mpaka kwa Bwana Kiboko, mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba.

Sasa huyo Kiboko! Mwaka ule walizaliwa watoto themanini kisiwani. Kamati yake ikajenga nyumba moja, na hiyo moja akahamia yeye, apate pa kupumzika akichoka kukaa kwenye ile ya kwanza. Kila mwaka aliweka jiwe la msingi. Ngoma ndi! ndi! ndi! Pilau. Hotuba. Kesho yake jiwe lile lile linang'olewa, linapanguswa, linarudishwa stoo kungoja mwakani.

Sange alipofika alimkuta kibarazani na katibu wake, Nyati. Wanakunywa uji, wanasomeana nakala ya taarifa waliyompelekea Mfalme Simba kule bara.

"'Nyumba thelathini zimekamilika,'" Nyati alikuwa akisoma huku anacheka. "'Wenyewe wamehamia na wanakushukuru.'"

Masikio ya Sange yakasimama. Thelathini?

"Hodi!"

"Nani huyo? Sioni mtu."

"Tazama chini, mheshimiwa."

"Aa, Sange! Jina lako lipo kwenye orodha. Tuko kwenye mchakato."

"Huo mchakato umeezekwa makuti au bati?"

"Usituletee ujuvi!" Nyati akanguruma. "Kuna upembuzi. Halafu kuna upembuzi wa ule upembuzi."

Sange alikuwa amekuja kuomba. Palepale akabadili nia.

"Sikuja kuomba nyumba," akasema, akainua pua juu. "Nimetumwa na mjomba."

"Mjomba gani?"

"Tembo, waziri wa Mfalme. Au pua hii mnadhani niliiokota?"

Wakaitazama ile pua. Wakatazamana. Kweli, ilikuwa mkonga mtupu, ila mdogo.

"Mjomba anasema Mfalme ameisoma taarifa yenu mpaka machozi yakamtoka. Anakuja kuziona kabla ya masika. Atakaa siku moja katika kila nyumba."

Puu! Bakuli la uji likamponyoka Kiboko.

"Mwambie... mwambie tuko kwenye mchakato!"

"Simba nimwambie hivyo? Mimi? Nenda wewe, mwenye shingo nene."

Wacha wee! Kiboko akachota udongo kwa mdomo ule ule wa hotuba. Nyati akaukanda kwa kwato, fwata! fwata! fwata! Wakaitwa mashangazi, wajomba, binamu, ukoo mzima wa viboko na ukoo mzima wa nyati. Boriti zilizolala miaka kumi kwenye majani zikabebwa mbiombio. Siku ya ishirini na tano, nyumba thelathini zilikuwa zimesimama, zimeezekwa.

"Kumbe wanajua kujenga!" Komba akashika kinywa.

"Walijua siku zote, shoga," Sange akamjibu. "Hawakuwa na wa kumwogopa."

Kiboko akaja anahema, tope mpaka kwenye kope. "Haya, tumemaliza. Mwite mjomba wako."

"Nimwite aone nini? Taarifa inasema wenyewe wamehamia. Mfalme akikuta majiko ya baridi na kamba hazina hata nguo moja?"

"Basi leta watu! Wa kuigiza tu! Mfalme akiondoka, nao watoke."

"Wa kuigiza tu," Sange akaitikia, kwa adabu sana.

Akaichukua ile orodha ya Kamati, akawaita wenye majina. Jioni ile moshi ukafuka kwenye majiko thelathini. Sange naye akaingia na wanawe, na kitu cha kwanza alichotia kwenye nyumba yake ni komeo la mlango.

Mvua ikaanguka, shaaa! Wiki ya kwanza, Mfalme hayupo. Wiki ya pili, hayupo. Ya tatu, gu! gu! gu! Mlango wa Sange ukatikisika. Nje, Kiboko, maji yanamtiririka.

"Simba yuko wapi, we Sange?"

"Sijui, mheshimiwa. Nilikudanganya."

"Ati nini? Tokeni! Tokeni nyote, leo hii!"

"Tutatoka. Ila Mfalme aliambiwa tumeshahamia, lazima aelezwe kwa nini tunafukuzwa. Barua uandike wewe, au niandike mimi?"

Kiboko akaushusha mkono aliokuwa akigongea mlango. Ndani, watoto wanne walikuwa wanabingirika sakafuni, kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, bila kugongana.

Sange akaufungua mlango kidogo, kiasi cha sauti kupita.

"Nenda kapumzike, mzee wangu," akasema. "Anayejisifia kazi ambayo hakuifanya, ipo siku ataifanya bila kusifiwa."