Watu Tisa wa Chemchemi

Isome hadi mwisho, kisha mtumie yule anayependa kusema, "Si waliachiwa?"

Katika nchi moja palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja aitwaye Tumsifu. Kijiji chao kizima kilitegemea chemchemi moja. Serikali ilipotangaza kwamba bonde lenye chemchemi hiyo litapewa tajiri alime maua, Tumsifu na wenzake wanane walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakaandika barua ya kukataa.

Kilichokuja badala ya majibu ni karandinga la polisi. Wakashtakiwa kwa kula njama za kuipindua serikali. Ushahidi ulikuwa daftari la mahudhurio ya mkutano ule, na sentensi moja ndani yake: "Tutasimama hadi waondoke."

Kila baada ya wiki mbili walipandishwa kizimbani. Kila mara wakili wa serikali, Bwana Kalugendo, aliinuka na kusema, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika."

Miaka minne ikapita hivyo. Mzee Shafuri, fundi cherehani, mmoja wa wale tisa, alifia mahabusu. Binti wa Tumsifu aliolewa mama yake hayupo.

Mwaka wa tano jaji akasoma hukumu. "Mahakama haijaona njama yoyote. Imeona watu waliotaka maji. Mko huru."

Vigelegele vikalipuka. Tumsifu alilia. Akitoka, akakutana na Kalugendo kwenye ngazi.

"Hongera, Mwalimu."

"Umeshindwa kesi, halafu unanipongeza?"

"Nani kashindwa?"

"Jaji kasema hatuna kosa!"

"Hata sisi tulijua hamna kosa," Kalugendo akajibu, sauti ya chini kabisa. "Tulichotaka ni msiwepo tu."

Tumsifu hakumwelewa mpaka alipofika kijijini. Bonde lote lilikuwa limezungushiwa seng'enge, waridi zimepandwa mistari kwa mistari hadi mguuni pa mlima. Majirani walimkumbatia, lakini hakuna aliyemtazama usoni. Tangu wale tisa wachukuliwe, hakuna aliyethubutu kuandika barua nyingine.

Alikwenda getini na ndoo yake.

"Shikamoo, mama. Una kibali?" mlinzi akamuuliza.

"Marahaba. Mimi nimezaliwa hapa."

"Sawa, mama. Lakini kibali unacho?"

Funzo: Wenzenu wakikamatwa kwa kutetea haki yenu, msikae kungoja hukumu. Mahakama inaweza kuwarudisha watu na isirudishe walichokuwa wanakitetea.