Kesi Iliyosikilizwa Jikoni kwa Faki

Hapo zamani, mimi sikuwepo na ninyi hamkuwepo, palikuwa na mji wa kisiwani ambao watu wake hawakujua kumwoza mwari bila halwa. Halwa yenyewe ilipikwa na mume na mke, Faki na Mwanakombo, na wote wawili walikuwa na midomo isiyochoka. Walibishana juu ya kuni, juu ya iliki, hata juu ya ndoto walizoota, mpaka siku moja wakakubaliana jambo: waachane. Wakacheka wenyewe, maana hawakuwahi kukubaliana kabla ya hapo.

Likabaki suala la matunzo. Baada ya talaka, nani atamlisha nani? Hapo Mwanakombo hakucheka. Nyumba ilikuwa ya mama yake Faki, na Mwanakombo hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka yake, akale kwa kuomba. Wazo hilo lilimkosesha usingizi.

Siku ya kesi ikaangukia siku ya harusi. Halwa iko motoni, na halwa ukiiacha kidogo tu inashika chini. Kadhi alipoambiwa wenye kesi hawawezi kuja, akavaa kilemba akaenda jikoni kwao. Mji mzima ukamfuata, wachache kwa ajili ya kesi, wengi kwa ajili ya harufu.

"Semeni huku mnasonga," akasema kadhi.

Mwanakombo akasema, "Bwana kadhi, mimi nilikuwa mshona kofia, na wanaume wa mji huu walizigombania kofia zangu. Faki akaniambia niache, tusonge halwa. Nikaacha. Leo wateja wamehamia kwingine, na kwa moshi huu macho yangu hayalioni tundu la sindano. Aliyeniachisha kazi yangu ndiye anitunze."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Faki akasema, "Bwana kadhi, halwa hii Mwanakombo aliirithi kwa baba yake. Mimi nilileta mabega tu, na bega lenyewe ndilo hili, halinyanyuki tena. Akiondoka, ujuzi unaondoka naye, mimi nabaki na sufuria. Mwenye kazi mkononi ndiye anitunze."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Bi Time, mama yake Faki, akasogeza kigoda chake mbele. "Na mimi je? Wao wakisonga, nani aliwalea watoto wao? Nyumba nimewapa, uzee wangu nimewapa. Sasa wanagombania sahani. Sahani yangu iko kwa nani?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Kweli kabisa, Bi Time."

Halwa ikaanza kuwa nzito. Bega la Faki likagoma, na Mwanakombo akaupokea mwiko bila kuombwa.

"Samli, Faki. Unangoja nini?"

"Nangoja unyamaze," akasema Faki, huku ameshaimimina, tena kwa wakati wake hasa.

Mwanakombo akacheka kwa furaha aliyoisahau siku nyingi. Kuishi na Faki hakutaka tena, lakini kumwona ana njaa pia hakutaka.

Kadhi akaonja halwa. Akaonja tena. Kisha akawageukia watu: "Kila aliyesema mmemwambia kweli kabisa. Haya, hukumu toeni ninyi."

Watu wote wakainama wakaitazama halwa. Nanyi mnaonisikiliza, msiinamishe vichwa. Je, nani amtunze nani?