Kadi Moja, Sura Tatu

Kuhusu Urejeshaji wa Thamani ya Tiketi za Karatasi za Vikundi Kufuatia Mabadiliko ya Mfumo wa Ukatishaji Tiketi, Kivuko cha Mbweleni.

Hilo ndilo jina la jambo lenyewe, kama lilivyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kivuko. Jambo ni fupi kuliko jina lake, basi sogeeni, halitawachelewesha.

Palikuwa na majirani watatu waliovuka maji kila asubuhi kwa pantoni, na kila mmoja alijaliwa chake.

Siwatu alijaliwa kutunza. Hakutupa kitu: kifungo kisicho na shati, mfuniko usio na chungu, ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa. "Vitakufaa nini?" watu walimuuliza. "Sijui bado," alijibu.

Mshamu, fundi wa vitanda, alijaliwa ulimi. Aliwahi kukamatwa akiendesha baiskeli bila taa, akazungumza mpaka mgambo mwenyewe akamsukumia baiskeli hadi nyumbani.

Bi Chausiku, msusi wa mikeka, alijaliwa kukaa. Akikaa, amekaa. Misibani alifika wa kwanza na kuondoka baada ya wafiwa.

Watatu hao walikuwa na tiketi moja. Zamani kivuko kiliuza tiketi ya kikundi: karatasi ya buluu, watu watatu, mwaka mzima. Karatasi ikiwa moja hakuna anayetangulia. Aliyechelewa alingojwa, aliyengoja alinung'unika, kisha wakaketi benchi moja, na hivyo ndivyo walivyokuwa marafiki. Mchelewaji alikuwa Siwatu, kwa sababu ya uji. Mama yake aliishi ng'ambo, hatembei tena, wala hataki kuhama nyumba aliyoolewa. Kila asubuhi Siwatu alivuka na sufuria ya uji, imefungwa kwa kanga isipoe.

Ndipo likaja geti la mashine. Lilitaka kadi. Likaonyeshwa karatasi ya buluu, likakaa kimya kama mkwe aliyenuna. Kadi ya mwaka ilikuwa ghali kuliko mifuko yao, na asiye nayo alipe kila safari, kwa nauli mpya. Siwatu alipiga hesabu kichwani: angemudu kuvuka leo na kukosa kesho. Tumbo la mama yake halikujua kukosa kesho.

Basi wakaenda ofisini kudai haki yao, karatasi mkononi na uji kwapani.

Dirishani alikuwa karani, Bwana Kihwele. "Karatasi peke yake haitoshi," alisema. "Nataka na kile kipande kilichochanwa siku mliponunua."

Mshamu akapekua mifuko yake mitupu. Bi Chausiku akatafuta pa kukaa. Siwatu akarudi nyumbani, akakitoa kipande kwenye kopo la hiliki, akakileta. Karani akakinusa.

"Mbona kinanukia pilau?"

"Kimetunzwa," alisema Siwatu.

Vipande viwili viliungana mchano kwa mchano, kama meno ya juu na ya chini. Bila Siwatu, safari ingeishia hapo.

"Ila hii ni ya kikundi," karani akasema. "Mfumo mpya hautambui kikundi. Unatambua abiria."

Siwatu hakuwa na kopo la kutolea jibu la hilo. Mshamu akaegemeza kiwiko dirishani kama mtu aliyefika kwake.

"Ndugu yangu Kihwele, pantoni yenu ni ngapi?"

"Moja."

"Na inabeba watu wangapi?"

"Wengi tu."

"Mbona hamjaizamisha kwa kosa la kuwa ya kikundi?"

Karani alicheka kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini. Akishacheka, mtu hawezi tena kukataa kwa uso uleule. Akagonga muhuri. Bila Mshamu, safari ingeishia hapo.

"Sasa inabaki saini ya meneja," alisema. "Naye yuko kikaoni."

Meneja huwa kikaoni kama samaki awavyo majini. Ndani ilisikika redio ikitangaza mpira, na kijiko kikikoroga chai.

Mshamu aliusemesha mlango, mlango haukucheka. Ndipo Bi Chausiku akaketi kizingitini, akanyoosha miguu kutoka mwimo hadi mwimo, akatoa ukili wake akaanza kusuka. Mlango ulikuwa huo mmoja. Meneja alipotoka kwenda kula alisimama ghafla.

"Shikamoo, mama. Naomba kupita."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Miguu haikuvutwa. Meneja alikuwa mtu aliyelelewa, na aliyelelewa hairuki miguu ya mtu mzima. Aliitazama, akarudi ndani, kikao kikaendelea. Adhuhuri ikapita. Akatoka tena, safari hii bila tai.

"Mama, kwani unataka nini?"

"Saini, baba. Magoti yangu yanakunjika vizuri sana yakiiona."

Alitia saini amesimama. Bila Bi Chausiku, safari ingeishia hapo.

Karani akaweka mezani kadi mpya, inayong'aa, ya kuvukia mwaka mzima. "Fedha taslimu haturudishi," alisema. "Thamani yenu ni hii. Aketi mwenyewe nimpige picha."

"Mwenyewe nani?" Mshamu akauliza.

"Kadi moja, sura moja. Haiazimwi. Geti linaangalia uso."

Kiti cha picha kilikuwa kitupu. Hata Bi Chausiku hakukikalia.

"Jamani," Mshamu akaanza, "bila ulimi wangu, karatasi ya Siwatu ingebaki kunukia hiliki."

"Na bila miguu yangu," akasema Bi Chausiku, "ulimi wako ungekuwa bado unabisha hodi, mwanangu."

"Na bila karatasi yangu," Siwatu akasema, "wewe ungesemea nini, na shangazi Chausiku angekalia nini?"

Wote watatu walisema kweli, na ndiyo iliyowakwaza. Siwatu angeweza kumtaja mama yake. Wenzake walimjua mama huyo, walimngojea uji wake miaka yote. Lakini Mshamu naye karakana yake ilikuwa ng'ambo, na wanunuzi wa mikeka ya Bi Chausiku walikuwa ng'ambo, na hakuna aliyevuka kutazama maji. Aliona aibu kuushindanisha uji na mkate wa wenzake. Akaikaza kanga kwenye sufuria. Wenzake nao wakaitazama sufuria, kisha wakatazama sakafu.

Haya, ninyi mliosimama nao dirishani tangu asubuhi. Aliyetunza, aliyesema na aliyekaa: ungemtoa mmoja, kadi isingekuwepo. Je, wewe ungemketisha nani kwenye kile kiti?

Wao hawakuamua. Saa tisa karani alifunga dirisha, akaiweka kadi kwenye droo bila sura, akawaambia warudi wakiwa na jina moja. Kila mmoja alilipa nauli yake. Walivuka kwa pantoni ileile, kila mtu benchi lake. Uji ulikuwa umepoa, na mama yake Siwatu aliunywa hivyo hivyo.